Vidonge vya babu, kipara changu

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi na wapo walioanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Semista inakwenda, bumu limeingia na limeshatoka, msosi wa kafteria ni ule ule. Kilichoniweka kimya ni jambo lililokuwa linanisumbua kichwani, na safari hii nikisema kichwani namaanisha kichwani kabisa, pale juu utosini.

Yote yalianza na picha. Tulikuwa tumetoka kwenye test, tumekaa kwenye ngazi nje ya ukumbi wa Nkrumah, na mshkaji mmoja akapanda juu yetu akatupiga picha ya kumbukumbu. Jioni ikatua kwenye grupu la darasa. Nikajitafuta sijioni. Nilichokiona ni jamaa fulani kavaa shati langu, kapakata begi langu, halafu katikati ya kichwa ana kiwanja cha ndege. Dakika tano hazijaisha nikawa nimeshabatizwa jina: Terminal Three. Nikacheka nao, nikarusha na vile vikatuni vya kucheka vitatu, kisha nikaenda bafuni na vioo viwili, kimoja changu na kimoja cha kuazima, kujitazama kwa nyuma kama kinyozi anavyokuonyesha akimaliza.

Mwenye nywele zake atasema hilo nalo ni jambo la kuandika? Kaka, nina miaka 23. Mwakani namaliza, nataka kuanza kuzunguka na bahasha ya vyeti, na sitaki mtu wa usaili anishikie shikamoo. Baba alikuwa na kipara kabla ya kufika miaka 30. Babu mzaa baba sijawahi kumwona na nywele maisha yangu yote. (Wale mnaosema kipara kinarithiwa kwa ujombani tu, mmekosea. Jeni zake zinatoka pande zote mbili, na mimi naona zilinijia kwa basi moja.)

Basi bwana, kesho yake nikaenda duka la dawa. Nikasubiri nje mpaka mama mmoja aliyekuwa ananunua dawa ya mafua ameondoka. Nikaingia, nikanong'ona. Kijana wa dukani yeye hakunong'ona: "Ya kuotesha nywele au ya kuotesha ndevu?" Akaniwekea mezani vitu viwili. Cha kwanza chupa ya minoksidili, ile ile ambayo nusu ya wavulana wa bweni letu wanapaka kidevuni kila usiku wakingojea ndevu kama wakulima wa Dodoma wanavyongoja mvua. Cha pili boksi la vidonge vya finasteraidi, miligramu 5. "Hiki ndicho chenyewe. Kata vipande vinne, kila siku kipande."

Hakuniuliza cheti cha daktari. Hakuniuliza umri, wala kama natumia dawa nyingine, wala kama nimewahi kuugua chochote. Na mimi sikumuuliza kitu, maana nilichotaka ni kutoka pale kabla hajaingia mtu wa darasa letu. Kwa hiyo wote wawili tulikubaliana bila kusema: yeye anyamaze, mimi ninyamaze. Naomba mkumbuke hilo, nitalirudia.

Ndani ya boksi kuna kile kikaratasi ambacho watu wengi tunakitupa. Maandishi yake ni ya kusoma sisimizi. Mimi nilikisoma usiku kwa tochi ya simu, na kesho yake badala ya kubukua nikashinda kwenye intaneti nikifuatilia. Nawapa kwa ufupi niliyoyapata, maana najua wapo humu wanaoyatafuta kimya kimya.

Mwanaume ana homoni ya testosteroni. Kuna kimeng'enya mwilini kinachogeuza sehemu ya hiyo testosteroni kuwa homoni kali zaidi, inaitwa DHT kwa kifupi. Kwa sisi tuliorithi, DHT hudhoofisha mashina ya nywele za utosini na za panda la uso. Nywele inayoota inakuwa nyembamba, inayofuata nyembamba zaidi, mpaka inabaki malaika tu. Finasteraidi inakizuia kile kimeng'enya, DHT inapungua, nywele zinapata nafasi.

Namna walivyoligundua ni kisa. Mwaka 1974 watafiti wakiongozwa na daktari Julianne Imperato-McGinley walichapisha habari za familia za kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, ambako watoto kadhaa walizaliwa wakadhaniwa wasichana, halafu wakifika balehe wanakuwa wavulana. Ikaonekana wamezaliwa na upungufu wa kile kimeng'enya. Na walipokuwa watu wazima, tezi dume zao zilibaki ndogo na vipara hawakupata. Kampuni ya Merck ikatafuta dawa ya kuiga hali hiyo. Mwaka 1992 ikaruhusiwa Marekani kama Proscar, miligramu 5, kwa wazee wenye tezi dume iliyovimba. Mwaka 1997 ikaruhusiwa tena kama Propecia, miligramu 1, kwa wanaume wenye vipara.

Kwa hiyo kijana wa dukani hakunidanganya kuhusu dawa yenyewe. Aliniuzia dawa ya wazee, nikakate mwenyewe.

Inafanya kazi? Kusema kweli inafanya. Katika majaribio ya kampuni kwa wanaume wa miaka 18 hadi 41, baada ya miaka miwili 83 kati ya kila 100 waliomeza dawa hawakuzidi kupoteza nywele za utosini. Kwa waliomeza vidonge vitupu visivyo na dawa ilikuwa 28. Lakini ukiacha, ndani ya miezi 12 faida yote inaondoka. Hii si mseto wa malaria, siku tatu umemaliza. Ni ndoa. Nikipiga hesabu kutoka miaka 23 mpaka umri wa kutojali kipara, naona miaka 20 ya kumeza kitu kila siku kwa ugonjwa usiouma.

Sasa twende kwenye kiini. Kiswahili chetu cha hospitali kina maneno mawili mazuri sana. Kuna maudhi, kama manesi wanavyosema "maudhi madogo madogo" wakikupa dawa: kichefuchefu kidogo, kizunguzungu kidogo, usijali yatapita. Halafu kuna madhara. Maudhi unavumilia, madhara unakimbia. Kazi yangu wiki hizi tatu ilikuwa kuamua yaliyoandikwa kwenye kile kikaratasi ni lipi kati ya hayo mawili.

Yenyewe ni haya: kupungua hamu ya tendo, kushindwa kusimamisha, na shahawa kupungua. Naona mmeshakunja sura. Mimi pia nilikunja. Ila tuwe wasomi kidogo, tuangalie namba. Katika yale majaribio, waliolalamikia angalau tatizo moja la namna hiyo ndani ya mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 3.8 kwa waliomeza dawa, na asilimia 2.1 kwa waliomeza vidonge vitupu. Yaani chukua wanaume 1,000 wa upande huu na 1,000 wa upande ule. Huku wamelalamika 38, kule 21. Tofauti ni watu 17. Na wale walioacha kwa sababu hiyo, kwenye majaribio yale hali zao zilirudi.

Nilipofika hapo rumeti wangu aliingia, akanikuta vidonge viko mezani na wembe pembeni. (Mnamjua, anasoma Uchumi, kila kitu kwake ni grafu.) Akaangalia boksi, akaniangalia mimi, akafungua droo yake. Boksi lile lile! Anameza huu mwezi wa nne. Tumelala chumba kimoja miaka miwili, nguo zake nazijua, madeni yake nayajua, na hili sikulijua.

Akanipa lekcha nzima. Anasema watu 17 kati ya 1,000 ni hatari ndogo kuliko kupanda bodaboda kwenda Mwenge, na bodaboda tunapanda. Akaongeza kwamba hofu yenyewe ni ugonjwa, na hapo alikuwa na hoja nzito. Kuna utafiti wa Italia wa mwaka 2007, kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba, wote wakipewa finasteraidi ya miligramu 5. Nusu waliambiwa kwamba inaweza kuleta matatizo ya chumbani, nusu hawakuambiwa. Baada ya mwaka, walioambiwa waliolalamika walikuwa asilimia 43.6. Wasioambiwa, asilimia 15.3. Dawa ile ile, dozi ile ile! Maneno peke yake yanaweza kumlegeza mtu.

Nikamuuliza: na wewe, umeona tofauti yoyote? Akanyamaza kidogo. "Sijui. Mechi yenyewe sina." Tulicheka sana. Ila nilipozima taa nikabaki nawaza, hivi huyu mtu angeona tofauti, angeniambia?

Maana namba za majaribio si mwisho wa habari. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza kikaratasi kiongezwe taarifa kwamba wapo wanaume walioripoti matatizo hayo kuendelea hata baada ya kuacha dawa. Wanasayansi bado wanabishana ni wangapi na kwa nini, lakini taarifa zipo na ndiyo maana zimeandikwa. Mwaka 2022 ikaongezwa kwenye kikaratasi cha Marekani habari ya mawazo ya kujiua. Mwaka 2024 Uingereza ikaamua kila boksi liwe na kadi ya tahadhari kwa mgonjwa. Na Mei 2025 kamati ya usalama wa dawa ya Ulaya ikathibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni madhara ya vidonge vya finasteraidi, huku ikisema faida bado inazidi hatari kwa wanaostahili kutumia. Taarifa walizozichambua zilikuwa 313, wakati matumizi ya dawa hiyo yanakadiriwa kufika miaka milioni 270 ukijumlisha miaka ya watumiaji wote. Rumeti akasema unaona, ni tone baharini. Nikamwambia kweli ni tone, ila inategemea limemdondokea nani.

Sasa hapa niseme kitu ambacho sijawahi kukisema kwenye ukurasa huu. Mnaonisoma tangu mwaka jana mnakumbuka nilivyopotea karibu semista nzima. Niliandika kwamba nilikuwa na malaria na taifodi. Haikuwa malaria wala taifodi. Nilipata sapu mbili, nyumbani mambo hayakuwa mazuri, nikawa silali, sili, siendi darasani, nakaa kitandani naangalia ukuta. Ilifika siku nikawaza mambo ambayo mtu hapaswi kuyawaza akiwa peke yake. Dada mmoja wa darasani ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa mshauri nasaha. Ile hali ina jina, sonona, na mimi niliiita malaria kwa sababu malaria haina aibu.

Kwa hiyo nilipoona maneno yale kwenye kikaratasi, mimi sikuona tone baharini. Kwa rumeti labda ni hatari ndogo sana. Kwa mtu ambaye alishafika pale ukutani, hiyo hesabu haimhusu kwa namna ile ile, na ushauri unaotolewa Ulaya ni kwamba mtumiaji wa miligramu 1 akiona hali yake ya moyo inabadilika aache dawa na amwone daktari. Na kijana wa dukani hakuniuliza. Swali moja tu, "umewahi kuwa na sonona?", lingebadilisha kila kitu, na halikuulizwa.

Jumamosi nikaenda Mbagala kwa shangazi. Babu yupo pale tangu Januari, ameletwa mjini kwa ajili ya kliniki ya tezi dume. Nimemwamkia, tumekula, akatoa mfuko wake wa dawa ili nimsomee. Mnajua kilichokuwemo. Finasteraidi, miligramu 5! Yeye anakiita kidonge cha mkojo, anakimeza mwaka wa tatu huu.

"Babu, hicho kidonge vijana wanatumia kuzuia kipara."

Babu akavua kofia, akapapasa kile kichwa kinachong'aa kama sinia la shaba, akacheka mpaka akakohoa. "Basi kwangu kimefika watu wameshatoka makaburini."

Halafu yeye mwenyewe, bila kuulizwa, akaendelea. "Ila mwanzo kilinipoza. Huku chini." Jamani, nilitamani kuingia chini ya mkeka. Na baba yangu neno kama hilo haliwezi kupita kati yetu mpaka mmoja wetu afe. Lakini babu na mjukuu ni watani, babu toka zamani ananiita mwizi wa mke wake, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Nikamuuliza, ukafanyaje?

"Nikamwambia bibi yako. Bibi yako akamwambia daktari, tena kwa sauti, benchi zima likasikia. Daktari akasema kweli linatokea kwa baadhi ya watu. Akauliza mkojo je? Nikasema nafuu kubwa. Akasema basi mzee, pima mwenyewe, uache au uendelee. Mimi nikapima. Nilikuwa naamka mara sita usiku. Nikachagua usingizi." Akavaa kofia yake. "Haya wewe, unachagua nini ukiacha nini? Na ukipoa, utamwambia nani?"

Wadau, nimesoma kurasa nyingi sana wiki hizi tatu, na hakuna iliyonibana kama maswali hayo mawili ya mzee ambaye hasomi hicho kikaratasi.

Kwanza mizani yake. Babu aliweka usingizi upande mmoja na mambo ya chumbani upande wa pili, akaona upande gani ni mzito kwake. Mimi upande mmoja nina jina la Terminal Three. Linauma, sikatai, lakini ni maudhi. Upande wa pili nina uwezekano mdogo wa kitu ambacho kwangu ni madhara. Tunadhani maudhi yapo kwenye dawa tu, kumbe na ugonjwa wenyewe unaweza kuwa maudhi. Kuvimba tezi dume mpaka mkojo ugome ni madhara. Kipara ni maudhi. Mtu mwingine kipara kinamtoa machozi kila asubuhi, anashindwa hata kutoka chumbani, huyo mizani yake ni nyingine na simcheki. Ninachosema ni kwamba kila mtu apime kwa kilo zake, asiazime za rumeti.

Pili, lile la nani utamwambia. Na hapa ndipo ulipo msimamo wangu. Nimeitazama hii dawa kila upande, naona kila tahadhari yake inataka mdomo wazi. Ukipungukiwa hamu, lazima umwambie mtu. Ukianza kuona giza moyoni, lazima umwambie mtu, tena mapema. Mzee akipimwa PSA, kile kipimo cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume, daktari lazima ajue anameza finasteraidi, kwa sababu dawa inashusha namba kwa karibu nusu na mtu anaweza kuonekana mzima kumbe sivyo. Mjamzito hatakiwi kushika kidonge kilichovunjwa, kwa sababu mtoto wa kiume tumboni anahitaji DHT ili maumbile yake yakamilike (kumbukeni Salinas). Na pale kwa shangazi binamu yangu ana mimba, na kisu cha jikoni ni kimoja! Ningekatia vidonge vyangu kimya kimya ningekuwa nimemwingiza kwenye siri asiyoijua. Hata damu: Msalaba Mwekundu wa Marekani humtaka aliyemeza hii dawa asubiri mwezi mmoja tangu kidonge cha mwisho kabla ya kuchangia, maana damu hiyo inaweza kwenda kwa mjamzito. Sisi hapa tukisikia wamekuja kukusanya damu tunapanga foleni.

Sasa chukua dawa ya namna hiyo, mpe kijana wa kibongo. Mtu aliyelelewa kwamba habari za nguvu za kiume zinatajwa kwa majigambo tu, kwamba mwanaume akisema moyo umechoka anaambiwa akaze. Ananunua kwa kunong'ona, anakata kwa wembe usiku, anaficha kwenye droo. Akipatwa na lolote atanyamaza, halafu ataenda kununua dawa nyingine ya kuongeza nguvu, nayo kwa kunong'ona. Hatari ya hii dawa kwetu naiona hapo zaidi kuliko kwenye ile asilimia 3.8. Dawa ambayo huwezi kuyasema madhara yake kwa mtu hata mmoja, usiimeze. Hata kama ni salama kwa wengine 983.

Najua mtaniambia ipo ya kupaka, yaani minoksidili. Ni kweli, na inaleta maudhi zaidi kuliko madhara: ngozi kuwasha, nywele kudondoka zaidi wiki za mwanzo kabla ya kutulia, vinyweleo kuota usipotaka. Lakini msisahau ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaota nywele mwili mzima ndipo watu wakashtuka. Ikaruhusiwa Marekani kama dawa ya kupaka kichwani mwaka 1988. Kwa hiyo ukipaka ukaona moyo unakimbia, kizunguzungu au miguu inavimba, hiyo si ya kungojea. Nayo pia ukiacha, nywele zinaondoka. Na dada zangu wa weaving na rasta za kubana, nywele za pembeni zikiondoka kwa kuvutwa, fungueni kwanza hizo rasta, dawa baadaye. Mapunye nayo yana dawa yake. Ndiyo maana naona wa kwanza kuonwa ni daktari wa ngozi, kabla ya duka.

Mnataka kujua nimeamua nini. Simezi. Sisemi milele, nasema sasa hivi, na historia yangu ya mwaka jana. Siku nikibadili mawazo nitaanza na daktari, nitamweleza kuhusu ile "malaria", na kutakuwa na watu wawili wanaojua tarehe niliyoanza. Vidonge sijampa mtu, maana kumpa mtu dawa nisiyoijua mizani yake ningekuwa nimegeuka kijana wa dukani. Nimevirudisha pale pale, nikamwambia sitaki hela, nataka akija mwingine amuulize maswali mawili matatu. Akaniangalia kama mgeni. Sawa tu.

Rumeti yeye anaendelea, na ni haki yake, ila amekubali kwenda kumwona daktari, na akiona madhara yoyote anajua yanaripotiwa TMDA. Tumewekeana na sheria ya chumba: kila Jumapili usiku mmoja anamuuliza mwenzake "kichwa kipoje?" na mwenzake anajibu kweli, cha nje na cha ndani. Jumapili iliyopita nilijibu mimi kwanza. Nikasema cha nje kibaya, cha ndani kiko poa. Yeye akakaa kimya muda, kisha akasema la kwake. Halinihusu kuliandika hapa, ila nashukuru alilisema.

Jana nimeenda kwa kinyozi nikamwambia apitishe yote. Upepo wa Mlimani kumbe ni mtamu hivi! Jina nalo limebadilika, sasa naitwa Babu. Nimelipokea.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa umeita "malaria" kitu ambacho si malaria, mwambie mtu leo, usingoje semista iishe. Ngoja nikabukue, Jumanne kuna test na lekchara hana utani. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.